MZOA CHOO HAKUZALIWA NA NDOO



Yako maneno yanayosemwa sana siku hizi na watu waliosoma, na baadhi yetu wameanza kuyarudia bila kuyapima. Husema hivi: Wahindu wa zamani walitushinda akili, maana kwao kila mtu alizaliwa na kazi yake. Mwana wa mfinyanzi alikuwa mfinyanzi, mwana wa seremala alikuwa seremala, mwana wa kuhani alikuwa kuhani. Hakuna aliyetafuta kazi akaikosa, hakuna aliyemnyang'anya mwenziwe kazi, wala hakuna aliyegoma. Kila mtu alijua mahali pake na nchi ikakaa kwa amani.

Mwajiri akisikia maneno hayo hufurahi sana. Angependa na sisi tujue mahali petu. Basi yafaa tuyachunguze maneno haya moja moja, kama tunavyochunguza karatasi ya mapatano kabla ya kutia sahihi.

Kwanza tuelewane juu ya watu tunaowasema. Kiswahili chetu humwita Mhindi kila mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Kalasinga, Mgoa au Baniani. Makala hii haisemi habari za hao wote. Inasema habari za mpango wa Wahindu. Hata hivyo mpango huu una nguvu ya ajabu, kwani umeingia hata katika nyumba za Waislamu, Makalasinga na Wakristo wa nchi ile, ambao dini zao hufundisha kwamba watu wote ni sawa.

Kitabu cha kale kabisa cha Wahindu, Rig Veda, kina hadithi ya mtu mkubwa wa kwanza aliyetolewa sadaka na miungu. Kutoka kinywa chake wakapatikana makuhani, Brahmin. Mikono yake ikawa watawala na wapiganaji, Kshatriya. Mapaja yake yakawa wafanyi biashara na wakulima, Vaishya. Na kutoka miguuni wakatoka Shudra, yaani watumishi. Mjue kwamba aliyetunga na kuhifadhi habari hiyo si mtumishi. Ni kuhani, na kuhani alijiweka kinywani.

Lakini nje ya mwili huo wako watu ambao hawakupewa hata unyayo. Hao ndio walioitwa wasioguswa. Wao wenyewe siku hizi hujiita Dalit, maana yake waliopondwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba watu wa jamaa hizo ni zaidi ya milioni 200, yaani mtu mmoja katika kila watu sita wa India.

Hizo daraja nne ni hesabu ya vitabu. Katika maisha ya kila siku, hesabu inayomshika mtu shingoni ni jati. Jati ni ukoo mkubwa wa kuzaliwa, na ziko maelfu. Mtu huoa ndani ya jati yake. Hula na wale anaoruhusiwa kula nao. Huchota maji katika kisima anachoruhusiwa. Na jati nyingi zina kazi yake: hawa ni wafinyanzi, hawa wahunzi, hawa vinyozi, hawa wakamuaji mafuta, hawa wachunaji wa ng'ombe waliokufa. Sisi tuna neno dobi, na neno hilo tulilipata kwao. Kwetu dobi ni mtu yeyote anayefua nguo kwa malipo, na akichoka aweza kununua baiskeli akauza mkate. Kwao dobi alizaliwa dobi, na mtoto wake ni dobi hata kama hajagusa sabuni. Neno lilipovuka bahari lilikuja bila mzigo wake, na ni heri yetu.

Sasa tupime ile sifa ya kwanza, kwamba mpango huu ulikuwa ni kugawa kazi tu. Kazi hugawanywa kila mahali. Katika karakana yetu yuko mchomeleaji, yuko wa mashine ya kukereza, yuko wa kupaka rangi, na hakuna mtu mwenye akili anayepinga. Lakini mchomeleaji akiweza kujifunza kukereza, atakereza. Na wakati wa chakula wote hunywa chai katika birika moja. Mpango wa jati haukugawa kazi peke yake. Uliwagawa watu wanaoifanya, ukawapanga kama ngazi, ukamwambia kila mmoja amheshimu wa juu na amdharau wa chini. Hoja hii si yangu. Aliitoa Dakta B. R. Ambedkar mwaka 1936 katika hotuba ambayo watu waliomwalika waliogopa kuisikia wakavunja mkutano, naye akaichapisha kwa fedha zake mwenyewe. Huyu Ambedkar tutarudi kwake.

Tazameni pia malipo. Kitabu cha sheria kiitwacho Manusmriti chasema kazi ya Shudra ni kuwatumikia wale watatu walio juu yake. Tena chasema kwamba asijikusanyie mali hata kama ana uwezo, kwa sababu Shudra mwenye mali huwaudhi makuhani. Na wale wa nje kabisa wakae nje ya kijiji na wavae nguo za maiti. Ndugu, hiyo si hekima ya kugawa kazi. Hiyo ni kanuni ya mishahara, na imeandikwa na anayelipa. Kijijini, mtumishi wa jamaa hizo alilipwa nafaka kidogo wakati wa mavuno, kwa kipimo kilichowekwa na desturi, na desturi ilikuwa mkononi mwa mwenye shamba. Kuomba kuongezewa kulihesabiwa kuwa dhambi.

Wanaosifu mpango huu hujibu kwamba mtu wa chini hakuona taabu, kwa kuwa aliamini kuwa amezaliwa hivyo kwa sababu ya matendo yake katika maisha yaliyopita, na kwamba akitumika vizuri atazaliwa mahali pazuri zaidi. Mimi sina ugomvi na dini ya mtu. Lakini naona kwamba ahadi hiyo ni kama ya mwajiri asemaye, "Fanya kazi bila nyongeza, utapandishwa cheo ukiisha kufa." Tena si kweli kwamba wote waliridhika. Na wenye nguvu wenyewe hawakuiamini sana hiyo ngazi pale ilipowazuia. Shivaji alipotaka kutawazwa mfalme mwaka 1674, makuhani wa kwao walisema hakuzaliwa katika daraja ya wafalme. Akaletwa kuhani mwingine kutoka Banaras akamwonea ukoo wa kifalme, naye akatawazwa. Mfalme aliweza kubadilishiwa kuzaliwa. Mzoa choo hakuweza.

Na waliokataa walikuwako, na yatupasa kuwajua kwa sababu walikuwa ndugu zetu wa kazi. Jotirao Phule alitoka katika jati ya watunza bustani. Mwaka 1848 yeye na mkewe Savitribai walifungua shule ya wasichana mjini Pune, na mama huyo akawa mwalimu. Mwaka 1873 Phule aliandika kitabu juu ya utumwa wa jati, akakitoa kwa heshima ya Wamarekani waliowaweka huru watumwa weusi. Mfuasi wake mmoja, Narayan Meghaji Lokhande, aliwakusanya wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay, na mwaka 1890 wakapata siku ya Jumapili kuwa mapumziko. Mnaona hapo: mtu aliyeanza kwa kupinga jati ndiye aliyefika kwenye siku ya kupumzika. Njia ni moja.

Kusini, katika nchi iitwayo Kerala siku hizi, watu wa jamaa ya Pulaya walilima mashamba ya mpunga ya wenye ardhi lakini hawakuruhusiwa kupita katika barabara kuu. Mwaka 1893 kijana wao Ayyankali alinunua gari la ng'ombe, akavaa nguo safi, akalipitisha katikati ya barabara ile. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wao walipokataliwa shuleni, aliwaongoza watu wake kuacha kulima. Hawakugoma kwa sababu ya senti. Waligoma ili watoto wao wasome. Wenye ardhi wakajaribu kuingia matopeni wenyewe, na matope yakawafundisha jambo ambalo vitabu havikuwafundisha.

Sasa nataka tukae kidogo Bombay, maana hapo liko jambo la kutuuma sisi watu wa vyama.

Viwanda vya nguo vya Bombay vilikuwa vikubwa kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho Afrika Mashariki wakati huo. Mabepari walijenga majumba ya mashine, na watu husema kwamba mashine haijui jati. Ni kweli, mashine haijui. Nyapara anajua. Kazi ilipatikana kwa mkono wa nyapara, naye alileta watu wa kijiji chake na wa jati yake, akachukua na kitu kidogo. Wasioguswa waliingia kiwandani, lakini waliwekwa kwenye idara za kusokota uzi, ambako mshahara ni mdogo. Idara ya kufuma ndiyo iliyolipa vizuri, na huko walifungiwa mlango. Sababu iliyotolewa ni hii: uzi ukiisha katika kile chombo kinachokwenda na kurudi, mfumaji alipoweka uzi mpya aliuvuta kwa kinywa kupitia tundu. Chombo hicho hicho kikishikwa na mwingine, naye hukitia kinywani. Basi wafumaji walisema hawawezi kutia kinywani kitu kilichoguswa na mate ya mtu asiyeguswa.

Ndugu, tengeni jambo hili vizuri. Amri hiyo hakuitoa mwenye kiwanda. Yeye aliipenda, kwa kuwa watu waliogawanyika ni rahisi kuwatawala, lakini waliosimama mlangoni ni wafumaji wenyewe, wafanyakazi wenye kadi za chama. Hata maji ya kunywa yalikuwa mbalimbali. Wangeweza kudai chombo cha namna nyingine kisichohitaji mate, jambo ambalo lingewafaa na vifua vyao. Wakaona afadhali kumeza vumbi la pamba kuliko kukaa na jirani.

Mwaka 1928 ulitokea mgomo mkuu. Wafanyakazi kiasi cha 150,000 walikaa nje karibu miezi sita. Viongozi wengi walikuwa wakomunisti, watu hodari, waliojua sana habari za mabepari na tabaka la wafanyakazi. Katika madai yao hawakuweka neno juu ya mlango wa idara ya kufuma. Ambedkar aliwaambia wazi kwamba kama hawatadai haki hiyo, yeye atawashauri watu wake wasiufuate mgomo. Wakaiingiza kwa shingo upande. Wenye viwanda, walipoonyeshwa dai hilo, waliweza kujibu kwamba wao hawakuwazuia watu hao, waliowazuia ni wafanyakazi wenzao. Na jibu lile lilikuwa kweli! Sijui aibu iliyo kubwa kuliko hiyo kwa chama cha wafanyakazi: mwajiri kusema kweli dhidi yako.

Wako wanaomlaumu Ambedkar hata leo kwamba alivunja umoja. Mimi nasema umoja ambao wewe unalindwa mlango na mwenzio anakaa nje si umoja wa kuvunjwa, kwani haujajengwa. Naye mtu huyu hakuwa adui wa wafanyakazi. Alizaliwa mwaka 1891 katika jati ya Mahar, miongoni mwa wasioguswa. Shuleni alikaa chini kando, na maji hakuruhusiwa kuyagusa, mpaka mtumishi wa shule amimine kutoka juu. Akasoma mpaka New York na London. Mwaka 1927 aliwaongoza maelfu ya watu kwenda kunywa maji ya bwawa la watu wote katika mji wa Mahad, na mwisho wa mwaka huo wakakichoma moto kile kitabu cha Manu. Mwaka 1936 alianzisha chama cha siasa cha wafanyakazi. Mwaka 1938 yeye na wale wale wakomunisti waligomesha Bombay siku moja kupinga mswada wa kubana migomo. Kuanzia 1942 mpaka 1946 alishika wizara ya kazi katika serikali ya nchi. Halafu akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika katiba ya India huru.

Katiba hiyo ilianza kutumika 26 Januari 1950, na fungu lake la 17 lafuta kabisa desturi ya kutogusana. Hapo ndipo watu husema, "Basi, jambo limekwisha." Ndugu wanachama, ninyi mnajua tofauti ya sheria iliyoandikwa na sheria inayofuatwa. Mnazo sheria za kazi katika kabati, na mnajua zinavyolala.

Usiku wa 25 Desemba 1968, katika kijiji cha Kilvenmani upande wa kusini, vibarua wa mashamba ya mpunga, Dalit, walikuwa katika ugomvi wa ujira na wenye mashamba. Walitaka waongezewe kipimo cha mpunga, na walikuwa na bendera nyekundu ya chama chao. Watu wa matajiri walikuja na silaha. Wanawake, watoto na wazee wakakimbilia ndani ya kibanda kimoja, kikafungwa na kutiwa moto. Walikufa watu 44. Wenye mashamba walishitakiwa na wengine wakahukumiwa, lakini Mahakama Kuu ya Madras ikawaachilia. Majaji waliona ni vigumu kusadiki kwamba watu matajiri namna ile wangekwenda wenyewe kuchoma kibanda. Wale 44 walikufa kwa mambo mawili kwa pamoja, nyongeza na jati, na atakayejaribu kuyatenganisha atapata kazi.

Na ndoo je? India ilipitisha sheria ya kukataza kazi ya kuzoa vyoo kwa mikono mwaka 1993. Ikapitisha nyingine kali zaidi mwaka 2013. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa iliamuru jamaa za wote waliokufa ndani ya mitaro ya maji machafu tangu 1993 walipwe rupia milioni moja kila mmoja. Mwaka 2023 mahakama hiyo ikapandisha fidia kuwa rupia milioni tatu, na mahakama haipandishi fidia ya vifo vilivyokoma. Mtu huteremshwa kwa kamba ndani ya shimo lenye hewa ya sumu, bila kifaa cha kupumulia, na akianguka mwenziwe humfuata kumwokoa akafa naye. Karibu wote huwa wa jamaa zile zile. Reli ya India, mwajiri mkubwa kama huyo, kwa miaka mingi ilitumia watu wa namna hiyo kusafisha njia chini ya mabehewa yaliyomwaga choo chini. Bezwada Wilson, aliyezaliwa katika jamaa ya wazoa vyoo kwenye migodi ya dhahabu ya Kolar, ametumia maisha yake kuwatoa watu katika kazi hiyo. Hakuomba vyoo vizolewe kwa heshima. Amesema kazi hiyo ife.

Hata gerezani! Mwezi wa Oktoba 2024 mahakama hiyo hiyo ilibidi ifute kanuni za magereza zilizosema wafungwa wa jati za juu wapike na wa jati za chini wafagie na kusafisha vyoo. Mwizi na mwizi wako chumba kimoja, lakini fagio linajua baba zao.

Mtu atauliza, haya yatuhusu nini Kenya? Kuna jibu fupi. Kati ya mwaka 1896 na 1901 waliletwa wafanyakazi 32,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli, na karibu 2,500 wakafa. Waliobaki, pamoja na wafanyi biashara waliokuja kwa fedha zao, walikaa katika jumuiya zao, kila moja na jumba lake, na wengine hata harusi walifanya humo humo tu. Na serikali ya kikoloni ilikuwa na ngazi yake yenyewe: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mshahara, nyumba na hata choo vilikwenda kwa ngazi hiyo. Mtu aliyedharauliwa na wa juu alitulizwa kwa kupewa wa chini wa kumdharau. Ni ufundi ule ule.

Lakini asitumie mtu makala hii kuwatukana Wahindi. Makhan Singh, mtoto wa fundi kutoka Punjab, alikuta chama kinachoitwa cha Wahindi, na mwaka 1935 jina likabadilishwa na mlango ukafunguliwa kwa wafanyakazi wa rangi zote. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliongoza umoja wa vyama vya Afrika Mashariki. Mwezi wa Mei 1950 alikamatwa na hakutoka mpaka Oktoba 1961. Aliufungua mlango ule ambao wafumaji wa Bombay waliufunga.

Nami naleta habari hizi sasa kwa sababu liko swali mezani. Matawi yameulizwa kama wafagiaji na wasafishaji wa vyoo, walioajiriwa na mkandarasi, waingizwe chamani. Wengine wenu mmejibu kwamba wale si mafundi, kwamba watatushusha, kwamba kazi yao haina ujuzi. Katika mkutano mmoja ilisemwa kwamba hawafai kukaa katika kamati kwa sababu wananuka. Wananuka kwa nani? Harufu hiyo ni yetu, sisi ndio tulioiacha mle.

Mwajiri amekwisha kuwaweka chini ya mkandarasi ili wasiwe na mapatano. Hahitaji msaada wetu zaidi. Makatibu wa matawi walete majibu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho, na atakayekataa aandike sababu yake waziwazi na jina lake chini. Fomu za kuandikisha zipo ofisini. Ada ni ile ile ya kila mwanachama.